Wimbo Upo, Lakini Uko Wapi?

Leo nazungumzia kompyuta, lakini tafadhali usikimbilie kubadilisha stesheni. Kompyuta ninayoisema ni ile inayokuwekea nyimbo kwenye flash pale Jinja, na ile inayompigia shangazi yako wimbo wa salamu kutoka studio ya Mbale. Nataka tuulizane jambo moja tu: kwa nini wimbo ambao kila mtu anajua upo unachukua muda mrefu hivyo kupatikana?

Twende Jinja kwanza. Karibu na paki ya teksi, na katika vichochoro vinavyokatisha kutoka Main Street, hukosi duka la filamu na nyimbo. Wenyewe huliita laibrari, ingawa ndani hamna kitabu hata kimoja. Spika inanguruma mlangoni, mabango ya filamu yamefifia kwa jua, na mezani kuna kompyuta ambayo kibodi yake imekwisha futika herufi, pamoja na diski za nje nne au tano zilizobandikwa plasta na kuandikwa kwa mkono: "Muvi 1", "Muvi 2", "Gospo", "Kadongo". Mteja anakuja na flash au memori kadi ya simu, anataja anachokitaka, analipa, anaondoka. Kama msanii anapata chochote katika biashara hiyo, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ipo, anayetaka kuisoma aisome.

Sasa anaingia mama kutoka Bugembe. "Mwanangu, niwekee ile ya makomando, ya Jingo. Si ile ya Junior, nataka ya Jingo." Kijana anajibu, "Sawa mama, ngoja kidogo." Anabofya, skrini inajaa picha za mabango ya filamu, safu kwa safu, zinavutia kweli. Anaandika herufi tatu. Picha zinaganda. Kiduara cha kusubiri kinazunguka. Mama anaketi kwenye benchi. Kijana anapiga kipanya mezani, kana kwamba kosa ni la kipanya.

Mimi nasema kosa si la kipanya, wala si la kompyuta kuzeeka, ingawa ni kweli imezeeka. Watu wengi wakiona hali hiyo wanachangisha fedha wanunue mashine mpya. Wangeanza na kitu cha bure: kuangalia programu inatafuta nini, inatafuta wapi, na inaonyesha nini kwenye skrini. Ninavyoona mimi, katika maduka yetu na studio zetu, kinachokula muda mara nyingi si kutafuta. Ni kuonyesha.

Fikiria kilichotokea kwa yule kijana. Aliweka mwonekano wa mabango, kila filamu na picha yake. Akibofya herufi ya kwanza, programu inatafuta papo hapo kabla hajamaliza neno, na herufi moja huwa inalingana na karibu kila kitu kilichomo. Kwa hiyo orodha ndefu kuliko zote huletwa mapema kuliko zote, wakati ambapo hakuna anayeihitaji. Kutafuta kwenyewe kumekwisha kitambo. Sasa mashine inahangaika kufungua mamia ya picha, kuzipunguza na kuzichora, na kabla haijamaliza, herufi ya pili imeshaingia na kazi inaanza upya. Neno la herufi sita ni kazi sita. Programu zilizotengenezwa vizuri husubiri kidogo mpaka vidole vitulie, tena huchora mistari inayoonekana kwenye skrini tu, ishirini au thelathini, hata kama orodha ina elfu ishirini. Zisizotengenezwa vizuri huchora zote. Ukibadilisha mwonekano kutoka mabango kwenda orodha ya maandishi matupu, mara nyingi ile kompyuta iliyotaka kutupwa huamka.

Na kuna mzaha mwingine katika habari ya yule mama. Kwa msikilizaji wa mbali nieleze: huku kwetu Uganda filamu ya kigeni haiuzwi kwa jina la mwongozaji wala la mwigizaji peke yake. Inauzwa kwa jina la VJ, yaani yule anayeitafsiri na kuisimulia kwa Kiganda juu ya sauti za filamu, akitia vichekesho vyake na kuwapa wahusika majina ya mtaani. Kazi hiyo ilikulia kwenye vibanda vya video, mtu ameshika maikrofoni mbele ya watu na kutafsiri papo hapo. Leo VJ Jingo na VJ Junior ni majina makubwa kuliko ya waigizaji wengi wa Marekani, na mteja anajua tofauti ya mmoja na mwingine vizuri kabisa.

Sasa chukua programu kama Kodi au Plex. Inasoma jina la faili, inauliza hifadhidata ya filamu iliyoko kwenye intaneti, kisha inakuletea bango, mwaka, mwongozaji, waigizaji na muhtasari. Kazi safi. Lakini kwa programu hizo, filamu moja iliyotafsiriwa na Jingo na ileile iliyotafsiriwa na Junior ni filamu moja. Utaona bango moja limejirudia mara mbili bila tofauti yoyote, au programu itaziunganisha ziwe kitu kimoja na kukufichia moja nyuma ya nyingine. Jambo pekee aliloulizia mama ndilo pekee lisiloonekana kwenye skrini. Bando limeliwa kwa kuleta mabango, mashine imechoka kwa kuyachora, na jibu halimo. Kijana akiandika jina la VJ mwanzoni mwa jina la faili, na akachagua orodha yenye safu ya majina ya faili, mama wa Bugembe anahudumiwa kabla hajaketi.

Basi tuingie kwenye kutafuta kwenyewe, maana nako kuna yake. Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani ni zile zenye sahani inayozunguka ndani, na kasi ya kawaida ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Gawanya kwa sitini: mizunguko 90 kwa sekunde. Kila mzunguko unachukua kama milisekunde 11, na kwa wastani kichwa cha kusomea kinangoja nusu ya mzunguko kabla kitu kinachotafutwa hakijapita chini yake. Milisekunde tano na nusu; unaweza kusema si kitu. Lakini ukiwa na nyimbo 20,000, na programu yako ni ya aina ile inayofungua faili moja moja kusoma limeandikwa nini, kungoja peke yake ni karibu dakika mbili, kabla hujahesabu mkono wa diski unavyohama huku na huku. Ni sawa na kuingia Soko Kuu la Mbale na kumwuliza kila muuzaji ana nini kapuni, ilhali orodha yao ingeweza kubandikwa mlangoni.

Orodha hiyo ya mlangoni ndiyo faharasa. Programu inapitia diski mara moja, inaandika majina yote pembeni, na baadaye inasoma yale maandishi tu. Je, ni mzigo mkubwa? Hesabu mwenyewe: nyimbo 20,000, kila moja herufi 200 za maelezo, ni herufi milioni nne. Hiyo ni megabaiti nne, uzito wa wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne kwa ubora wa kawaida. Habari za laibrari nzima zinaingia katika nafasi ya wimbo mmoja! Kompyuta yoyote ile, hata ya mwaka 2010, inaweza kuushika mzigo huo wote kwenye kumbukumbu yake na kuupitia kabla hujapepesa jicho.

Iko programu ya bure kwa Windows iitwayo Everything. Haina picha wala mapambo; ni kisanduku cha kuandikia na orodha. Badala ya kutembea folda kwa folda, inasoma daftari kuu ambalo Windows yenyewe huliweka kwenye diski za mfumo wa NTFS. Watengenezaji wake wanasema faili 120,000 huchukua kama sekunde moja kuorodheshwa, na milioni moja kama dakika moja. Angalizo dogo: flash za wateja kwa kawaida hazitumii NTFS, kwa hiyo kwa hizo lazima itembee folda kwa folda kama wengine, tena uiambie ifanye hivyo. VirtualDJ nayo, inayotumiwa na madijei wengi wa harusi, ina hifadhidata yake ya kutafutia, lakini folda usiyoiongeza humo haitafutwi. Ukisikia dijei analalamika kwamba programu "haioni" nyimbo, kwanza muulize kama aliiambia ziko wapi.

Sasa tupande basi. Tupite Iganga, tupite Namutumba na Tirinyi, tupite Budaka, mpaka tuone milima imesimama mbele yetu, na tuingie Mbale. Studio ya redio, jina halina haja. Ni kipindi cha salamu, simu inalia, msikilizaji yuko Sironko na anataka kadodi, ngoma ya tohara ya Wagisu. Si kadodi yoyote: anataka ile iliyopigwa na vijana wa upande wa kwao, mwaka ule mpwa wake alipotahiriwa. Ndugu zetu Wagisu hutahiri, kwa sherehe iitwayo imbalu, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, 2022, 2024, 2026, na uzinduzi hufanyika Mutoto, nje kidogo ya Mbale, mwezi wa Agosti. Kwa hiyo mtu akikutajia mwaka amekupa habari kubwa sana: miaka yote ya witiri imekwisha ondoka kwenye orodha.

Mtangazaji ana wimbo mmoja hewani, umebaki dakika mbili. Anaandika "gisu" kwenye kisanduku. Programu inajibu: hakuna. Na rekodi zimo! Zimo "Bagisu Kadodi", zimo "Lugisu imbalu", iko "Bugisu traditional", iko "Mugisu", na ziko zilizoandikwa kwa jina lao jingine, "Bamasaaba" na "Masaba". Nani mwongo hapa?

Hakuna mwongo. Programu ile imepangwa kutafuta maneno yanayoanza na herufi ulizoandika. Faharasa iliyopangwa kwa alfabeti hufanya kazi kwa kasi ya ajabu ukiipa mwanzo wa neno: inaruka moja kwa moja kwenye herufi G na kukuambia kuna nini hapo. Kwa Kiingereza inafaa, maana huko shina la neno hukaa mbele na mabadiliko mengi hutokea mkiani. Kwetu sisi ni kinyume. Kigisu, Kisoga, Kiganda, Kigwere, Kiswahili chenyewe: mbele kunabadilika kila mara, na kiini kinakaa katikati. Mugisu, Bagisu, Lugisu, Bugisu. Musoga, Basoga, Lusoga, Busoga. Ukitafuta kwa mwanzo wa neno, watu wa ukoo mmoja wametawanywa kwenye M, B na L, na jina wanaloshiriki wote halitafutiki.

Dawa ni kuiambia programu itafute herufi hizo popote zilipo ndani ya neno. Programu nyingi zina chaguo hilo, ila limefichwa kwenye mipangilio, na anayeifungua mipangilio ni nadra. Mafundi watakuonya kwamba utafutaji wa aina hiyo ni wa polepole, kwa sababu faharasa ya alfabeti haisaidii tena na lazima mistari yote ipitiwe. Wanasema kweli kwa mwenye rekodi milioni kumi. Wewe mwenye 20,000 usitishwe; tumekwisha kuona kwamba ni uzito wa wimbo mmoja. Na hata kwa wenye makusanyo makubwa, njia ipo. SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya programu nyingi za muziki na karibu kila simu ya mkononi, tangu toleo lake la Desemba 2020 inaweza kukata maneno vipande vya herufi tatu tatu na kuvitia kwenye faharasa. "Lugisu" inakuwa lug, ugi, gis, isu. "Bagisu" inakuwa bag, agi, gis, isu. Ukiandika "gisu", inatafuta gis na isu, na Walugisu na Wabagisu wote wanatokea pamoja. Sijui kama waliotengeneza jambo hilo walikuwa wakituwazia sisi, lakini limetufaa.

Hali ni hiyohiyo kwenye kupanga orodha. Programu ya kigeni ina adabu na lugha yake: The Beatles huwekwa kwenye B, si kwenye T, kwa sababu imefundishwa kuruka lile neno la mbele. Haya, weka muziki wa Busoga na Buganda humo. Embaire, zile marimba kubwa zinazowekwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Ebigwala, tarumbeta za vibuyu ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Amadinda, endongo, engoma. Ukipanga kwa alfabeti, nusu ya laibrari imelundikana kwenye A na E, na mtangazaji anasukuma gurudumu la kipanya mpaka kidole kinauma. Halafu mwenzake wa zamu ya usiku ameandika "bigwala" bila ile e ya mbele, kwa hiyo ngoma moja inakaa mahali pawili. Programu inayojua kuruka The haijui kuruka e.

Mimi ushauri wangu hapo ni kuacha alfabeti kabisa. Panga kwa tarehe faili ilipoingia, au kwa mahali, au kwa muda wa wimbo. Watu wa redio wenzangu wanaijua thamani ya safu ya muda. Taarifa ya habari inaingia saa kamili, wewe umebakiwa na dakika moja na sekunde arobaini, na kimya hewani ni aibu. Ukiwa na safu ya muda, bofya kichwa chake, nyimbo zinajipanga kutoka fupi kwenda ndefu, na ile ya dakika moja na thelathini na nane hiyo hapo. Kwa kazi hiyo bango la albamu lina faida gani? Halina hata kidogo. Safu ninazotaka mimi kuona kwenye skrini ya studio ni jina, wapigaji, kijiji, muda, na mara ya mwisho kupigwa, basi. Tena kwa maandishi makubwa, maana taa ya studio ni hafifu na sisi wengine macho yamekwisha kuwa ya miwani. Ukiiona safu ya mara ya mwisho kupigwa ndipo utakapogundua kwamba redio yenye nyimbo maelfu inapiga zilezile kila wiki.

Yako mambo ya tahajia, nayo yanasumbua. Kwa majirani zetu wa Kiganda na Kisoga r na l ni ndugu wa karibu; jina Kirya mwingine ataandika Kilya. Masaaba kwa a mbili, Masaba kwa moja. Ziko programu zinazosamehe herufi moja au mbili zilizokosewa, kwa kanuni ya kuhesabu ni mabadiliko mangapi yanatenganisha maneno mawili, kanuni aliyoichapisha Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Nzuri, ila iwekee mpaka. Ukiiruhusu isamehe sana, utaomba Masaba na kuletewa Misaada.

Lakini tuseme umepata programu bora, inatafuta katikati ya neno, inasamehe tahajia, inaonyesha orodha nyepesi. Bado kuna kitu kimoja ambacho hakuna programu inayoweza kukufanyia, nacho ni kujua jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Faili la MP3 lenyewe lina mahali pa kuandikia. Mwaka 1996 fundi mmoja, Eric Kemp, alibuni lebo ya ID3: baiti 128 mwishoni mwa faili. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki. Jaribu kuandika humo: "Kadodi ya Mutoto, wapigaji wa Bungokho". Herufi thelathini zinakwisha baada ya "wapigaji wa". Bungokho imekatwa, na kwa msikilizaji wa Sironko au wa Bungokho jina la mahali ndilo alilokuwa akiulizia. Toleo la pili la lebo hiyo, la mwaka 1998, liliondoa kubanwa huko, lakini programu za zamani na baadhi ya redio za magari bado zinasoma lile la kwanza. Na ile baiti ya aina ya muziki inachaguliwa kwenye orodha iliyokwisha pangwa. Polka imo. Kadodi haimo, taarabu haimo. Wengi wetu tunaishia kubandika "Nyingine".

Waliotutangulia hawakuwa na kompyuta na walilielewa jambo hili. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alizunguka nchi hii akirekodi muziki. Rekodi zake zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza mjini London, na nakala zimerudishwa Makerere, kwenye hifadhi ya muziki yenye jina lake, kazi iliyosimamiwa na Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Hugh Tracey naye alipita Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mfululizo wake wa Sound of Africa ulifikia santuri 210, kila moja ikiambatana na maelezo ya lugha, mahali, wapigaji na ala. Maelezo hayo yaliandikwa siku za kurekodi, na ndiyo sababu mtu akitaka leo ngoma ya Wasoga ya wakati huo anaweza kuipata. Kanda za harusi na imbalu za miaka ya 1990 zilizoko kwenye masanduku ya nyumba zetu Mbale ni za karibu zaidi na sisi, lakini kanda nyingi hazina hata mwaka.

Mfano mwingine ni wa picha. Mwaka 2015, kwenye ofisi za shirika la utangazaji la taifa, UBC, Kampala, iliibuka kabati ya hati ikiwa na negativu za picha zipatazo 70,000, zilizopigwa na wapigapicha wa Wizara ya Habari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kuanzia 2018 zikaanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda. Picha haisemi jina lake. Kilichowawezesha watu kujua huyu ni nani na hapa ni wapi ni bahasha: mpigapicha alikuwa amezitia negativu kwenye bahasha na kuandika juu yake tukio na tarehe kwa mkono. Kasi ya kompyuta ya mwaka 2018 ilitegemea mwandiko wa mpigapicha wa mwaka 1972.

Neno moja la umeme, halafu nimalize. Jinja imekuwa ikizalisha umeme tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na bado taa zinaweza kuzimika ghafla mjini humo. Zikizimika programu ikiwa katikati ya kuandika kwenye hifadhidata yake, faharasa inaweza kuharibika, na nyimbo zako zikaonekana zimepotea ingawa ziko palepale kwenye diski. Usilie, usiziingize upya moja moja. Iagize programu ijenge faharasa upya. Ila mambo uliyoyaandika ndani ya programu tu, bila kuyaweka kwenye jina la faili au kwenye lebo yake, hayo yanaweza kwenda moja kwa moja. Ndiyo maana mimi napendelea jina la faili lenyewe liseme yote.

Kwa hiyo, watangazaji wenzangu wa Mbale na Jinja, na nyinyi vijana wa laibrari: fungueni mipangilio ya programu zenu leo. Palipoandikwa kwamba utafutaji uwe kwa neno linaloanza na herufi fulani, badilisheni iwe neno lenye herufi hizo popote. Zimeni mabango, washeni orodha, ongezeni safu ya muda. Na wenye rekodi za imbalu, iwe kwenye simu, kwenye kanda au kwenye flash, kabla ngoma za Agosti hazijaanza andikeni kwenye jina la kila faili mambo manne: ngoma, wapigaji, kijiji na mwaka. Wapigaji wazee wangali hai katika vijiji vingi. Mkiwa hamjui jina, waulizeni wao.